Gilasi ya Mama Bulisa

Jumapili, 3 Agosti

Presha 148 juu, 86 chini. Lydiah, yule nesi Mkenya wa kliniki, ameniambia niandike presha kila siku kwenye daftari. Nikamwambia mimi nimesoma madarasa manne tu kwa masista, kule Kongolo, Kongo. Akasema, "Ni namba mbili tu, mama, usiogope." Namba mbili! Daftari lina kurasa mia moja. Mimi siachi karatasi ikae bure, nitaandika na mengine.

Naitwa Rosette. Nina miaka sabini na nne. Naishi Grand Prairie kwa binti yangu Orpa, anayefunga mizigo ghalani usiku kucha na kulala mchana kama popo. Mtoto wake Zoé anasomea unesi. Wote wawili wanasema mimi mkali. Sawa. Huyo mkali ndiye aliyewatoa Kalemie hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akawatoa Nyarugusu hadi hapa Texas.

Jumatatu, 4 Agosti

150/88. Joto. Nyasi za jirani zimekauka zote na bado anazikata.

Jumamosi, 9 Agosti

150/90. Siku ya akina mama, mwezi wa tano, Zoé alinipa zawadi ya kichupa nitemee mate. Wenzangu kanisani walipewa vitenge, mimi kichupa. Nikatema. Leo majibu ya kupima ukoo yametoka. Kaja mbio na simu yake, ananiita nkambo, bibi, kama kawaida.

"Nkambo, wewe ni robo Myahudi!"

"Myahudi wa Biblia?"

"Wayahudi wapo hata sasa, Nkambo. Seriously."

Nikamwambia mashine yao imelewa. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mgiriki, Kongolo nzima ilijua. Aliuza vitambaa, watu wakamwita Bwana Meta kwa sababu ya ile fimbo yake ya kupimia. Mama yangu alikuwa chotara wa Mgiriki, basi.

"Hakuna Ugiriki hapa. Zero. Na kuna ndugu yako, tazama, yuko Houston. Anaitwa Djoya. Mama yako aliitwa nani?"

"Bulisa."

"Hilo jina la wapi?"

"La kwao," nikasema.

Orpa alikuwa mezani anakula sombe, yale majani ya muhogo, macho bado yana usingizi. Aliinuka akaenda kuosha sahani kabla hajaimaliza.

Ijumaa, 15 Agosti

152/90. Sipendi Ijumaa.

Jumanne, 19 Agosti

Djoya amepiga simu. Nilijitayarisha kumwachia Zoé aongee Kiingereza chao. Nikasikia sauti ya bibi kizee, nzito, yenye tumbaku ndani yake:

"Jambo, mama. Njo miye Djoya. Nalizaliwa Lubumbashi, wakati ile banaita Élisabethville. Weye mutoto ya nani?"

Kiswahili kile kile cha sokoni kwetu, kinatoka kwa mzungu wa Houston! Nilikaa chini.

"Mimi mtoto wa Bulisa. Bulisa wa Bwana Meta, Kongolo."

Akaniomba nilirudie jina. Kisha akasema Bulisa lilikuwa jina la nkambo yake, mama wa baba yake. Kwao binti wa kwanza anapewa jina la mama wa baba. Bwana Meta na baba yake Djoya walikuwa ndugu wa tumbo moja, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Walikuja Kongo kufanya biashara, na Kongo kila mzungu mwenye duka na nywele nyeusi aliitwa Mgiriki. Huyo nkambo Bulisa alibaki kisiwani. Mwaka wa 1944 Wajerumani wakamchukua pamoja na wenzake, hakurudi.

Nikakumbuka kitu alichonisimulia mama. Alipokuwa msichana, baba yake alipata barua, akachana shati lake, akavua viatu, akakaa sakafuni siku saba. Wateja wakaona duka limefungwa, wakasema Mgiriki ameingiwa na wazimu. Nikamwambia Djoya. Akalia palepale kwenye simu.

Alipomaliza akasema, "Basi mama yako ni dada yangu, na miye ni mama yako mudogo. Unisalimie muzuri siku ingine." Ananizidi miaka sita tu!

Kisha akauliza, "Mama yako, siku ya Ijumaa, hakukuwa na kitu anafanya?"

Nikasema hapana.

Ijumaa, 22 Agosti

158/92. Nimesema hapana, na daftari hili hakuna anayelisoma, kwa hiyo nitaandika.

Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, mama alichukua gilasi, akatia maji nusu, juu yake mawese kina cha kidole kimoja. Akasokota pamba ikawa utambi, akaupenyeza kwenye kipande cha kizibo, akauacha uelee. Akawasha. Moto ukakaa juu ya maji. Aliiweka gilasi ndani ya kabati kwa sababu majirani walimcheka, akafunika uso kwa mikono, akanong'ona maneno ambayo hayakuwa Kiswahili wala Kihemba wala Kifaransa. Hakuupuliza moto ule kamwe. Uliungua mpaka mafuta yakaisha. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza maana yake. Alisema, "Baba alinifundisha. Maana yake aliniahidi nikikua." Bwana Meta akaenda Lubumbashi mgonjwa, akafia huko. Mama akabaki na gilasi bila maana yake.

Mwaka wa 1987 tulikuwa Kalemie, mama akiishi kwangu. Mtoto wangu Dady, mwaka mmoja na nusu, alikufa kwa homa ya siku mbili. Mimi nilikuwa nimeingia kanisa la maombi, moto kweli kweli. Mhubiri akauliza kama kuna mtu ambaye nyumbani kwake kuna jambo asilolielewa. Hakumtaja mtu. Hakunitazama. Ni mimi niliyeinua mkono. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema: mama yangu anawasha moto juu ya maji, anaongea lugha isiyojulikana, na jina lake lenyewe hakuna ajuaye limetoka wapi.

Walikuja Ijumaa, watu kama kumi na watano, wakiimba. Kabati nililifungua mwenyewe. Moto niliupuliza mwenyewe. Gilasi niliipiga chini mwenyewe. Nikamwita mama yangu mlozi, nikamwambia amemla mwanangu, atoke.

Hakulia. Alinitazama miguu. Akasema, "Rosette, usikanyage hivyo vioo, huna viatu."

Akatoka na kitenge kimoja. Rukaya, jirani yetu Mwislamu, alimfungulia mlango. Alikaa kwa Rukaya miezi minane, akafia huko. Nyumba tatu kutoka kwangu. Nilisikia kilio nikajua ni yeye. Nilikuwa natwanga sombe. Niliendelea kutwanga.

Sikwenda kuzika. Kaburi lake silijui.

Jumamosi, 23 Agosti

Nililificha daftari chini ya godoro. Leo nikalitoa. Nani atalisoma, Orpa? Orpa alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile. Hana haja ya kusoma.

Jumapili, 31 Agosti

160/94. Djoya amepiga tena, Zoé ameweka spika. Wanataka kujua Bulisa alikufaje. Wote wawili wanangoja. Nikasema alikufa nyumbani kwangu, kitandani kwangu, nimemshika mkono, tumemwimbia. Yakatoka kama maji ya bomba. Zoé akafuta machozi, akanibusu kichwani. Orpa alisimama mlangoni na sare ya kazi. Alitazama ndala zangu, akaenda zake.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua kidogo. Mafuriko upande mmoja wa barabara, vumbi upande wa pili. Nchi gani hii.

Jumatatu, 8 Septemba

166/96. Kliniki. Lydiah kanikazia macho. "Mama, unakula chumvi?"

"Sili."

"Basi kuna nini? Hizi namba zinapanda kila wiki."

Nikamwambia akae na mashine yake, mambo yangu aniachie. Kisha nikaona haya, mtoto wa watu hajanikosea. Nimemwachia ndizi mbili.

Ijumaa, 12 Septemba

Zoé amejifunza kwenye simu namna Wayahudi wanavyowasha taa siku ya Ijumaa. Kanunua mishumaa. Nimemwambia azime, nyumba itaungua. Kanitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Na mimi nilishauvuta mdomo tayari kupuliza, nikajishika. Kaizima mwenyewe, kwa vidole.

Jumapili, 21 Septemba

Houston. Leo kanisa tumeliacha, tumetoka alfajiri, Orpa akiendesha kwa muda wa saa nne na nusu. Siandiki presha, mashine nimeiacha.

Djoya ni mfupi, mnene, pua kama ya mama. Amepika sambusa za jibini za kuoka, na sombe! Sombe yenyewe haina kitu, imejaa maji, lakini nilikula sahani mbili. Alinipiga mkono nilipotaka kuondoa sahani: "Kaa chini, mutoto. Mama mudogo iko hai."

Kisha akaleta picha ya zamani ndani ya fremu. Mwanamume mwembamba mbele ya duka, ameshika fimbo ya kupimia. Bwana Meta. Djoya akafungua fremu nyuma, akatoa picha, akaikunjua. Ilikuwa imekunjwa upande mmoja. Ndani ya lile kunjo alisimama msichana wa miaka kumi hivi, miguu mitupu, ameshika mwisho wa pili wa fimbo.

Mama yangu.

Djoya akasema, "Baba yangu njo aliikunja. Ilikaa ukutani miaka makumi tano hivi, na sisi bote tulijua kuna mutoto nyuma. Tuliondoka Kongo, hatukumutafuta. Tulikuwa na haya ya mutoto mweusi." Akanishika mikono miwili. "Mwaka yetu mupya inaanza kesho jioni. Siku hizi batu banaombana masamaha. Mungu hawezi kukusamehe kitu ulikosea mutu, mpaka ule mutu mwenyewe akusamehe. Mama yako hayuko. Naomba kwako. Utusamehe?"

Ningesema palepale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikanyoosha mgongo kama askofu, nikasema, "Nimewasamehe. Kwa niaba ya mama."

Kwa niaba ya mama! Ulimi huu ungekatwa.

Akafurahi. Akasema katika nyumba yao ya sala kuna ukuta wa majina ya marehemu, na kila mwaka siku ya kifo jina linasomwa. Anataka kuandikisha jina la Bulisa. "Alikufa tarehe gani?"

Siijui. Nikasema tarehe ya kwanza iliyokuja mdomoni: kumi na mbili Februari. Zoé akaiandika kwenye simu, akaruka: "Nkambo! Hiyo ni birthday ya Mama! Si ajabu hiyo?" Akamkumbatia mama yake. Djoya akasema ni ishara. Orpa alikuwa kama mti.

Njiani kurudi Zoé alisinzia nyuma. Tulipopita Corsicana Orpa akasema, bila kugeuza kichwa, "Mama, mpaka siku niliyozaliwa mimi umeichukua."

Nikafunga macho, nikajifanya nimelala. Mimi!

Jumatatu, 22 Septemba

174/98.

Jumanne, 23 Septemba

172/100. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimemkumbuka Rukaya. Tulikutana Nyarugusu kwenye foleni ya maji, yeye na ndoo yake, mimi na yangu. Nilitaka kumkwepa. Akaniambia, "Mama yako kila Ijumaa alikuuliza kama mguu wako ulipona." Mguu wangu haukuwa na kitu. Alidhani nilikanyaga. Miezi minane alidhani nilikanyaga.

Rukaya alijaza ndoo yake akaondoka. Ningeweza kumwuliza kaburi liko wapi. Niliona aibu kumwuliza, mbele ya watu wa foleni.

Jumatano, 1 Oktoba

176/100. Djoya kapiga mchana. Jioni anaanza kufunga, hatakula wala kunywa mpaka kesho jioni, na umri ule. Amesema jiwe la jina litachongwa wiki ijayo.

Nikauliza, "Na kama mtu uliyemkosea amekufa?"

"Unaenda na batu kumi kwa kaburi. Unasema mbele yao: nilimukosea Mungu ya Israeli, na nilimukosea fulani. Kwetu zamani banahesabu wanaume tu. Miye nahesabu batu."

"Na kama kaburi hulijui?"

Nikasikia anavuta kiti.

"Rosette," akasema. "Ni kitu gani?"

"Ile tarehe usiichonge. Ni ya uongo."

Nikamwambia yote. Gilasi, mkono nilioinua, sombe niliyotwanga. Nilisema nikiwa nimesimama jikoni, nimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nilipomaliza akasema, "Leo ni siku ya kufunga, siwezi kukutukana. Nitakutukana Ijumaa."

Ijumaa, 3 Oktoba

Amepiga saa mbili asubuhi, amenitukana dakika ishirini, kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha ya kisiwani kwao. Mengine ni maneno ambayo mama alinong'ona, nimeyatambua sauti. Sikumkatiza. Nilipodhani amemaliza, alikuwa anavuta pumzi tu.

Kisha akasema, "Jina litachongwa. Tarehe itabaki wazi. Na weye tafuta batu kumi." Akakata.

Jioni nikamwambia Zoé. Nilimwambia akae, hakukaa.

"Ulimfukuza? Mama yako? Kwa sababu ya taa?"

"Nilikuwa nimefiwa."

"Na yeye alikuwa amefiwa pia, Nkambo! Dady alikuwa mjukuu wake!"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka thelathini na minane, sikuwahi.

"Na mimi nimelia kwa ile tarehe. Nimewaambia marafiki zangu wote." Amechukua begi, amekwenda Irving kwa mwenzake Jackie. Hakubamiza mlango. Aliufunga polepole kama mlango wa mgonjwa.

Orpa akakaa karibu nami. Akasema, "Vile vioo nilivifagia mimi. Kipande kimoja nilikificha. Nilikipoteza tulipokimbia."

Jumanne, 7 Oktoba

168/96. Zoé hapokei simu yangu. Ya mama yake anapokea.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemtumia Zoé ujumbe wa sauti: kesho saa kumi na mbili jioni kikundi cha maombi kinakuja kwetu, nahitaji watu kumi, huna lazima. Halafu nikamwambia amekonda kwenye ile picha yake na ale. Sijui kuomba vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimenunua mawese kwa duka la Mkongo, pamba nimechukua kwenye chupa ya dawa ya Orpa, kizibo nimekata kwa kisu. Mara ya kwanza utambi ulizama. Mara ya pili pia. Mama aliufanya bila kutazama.

Wakaja wanawake kumi, na wa kumi na moja kiongozi wetu Clothilde, wamejaza sebule, Biblia na mikoba. Nikaweka gilasi mezani katikati ya soda, nikawasha.

"Mama Orpa," Clothilde akasema, "hiyo maji na moto ni ya nini?"

Sauti ile naijua. Ilikuwa yangu.

"Kaeni, niwaambie."

Watatu hawakukaa. Mmoja aliomba kwa sauti akirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Wakatoka. Clothilde alibaki amesimama, mkoba mkononi. Nikahesabu: wanane na Orpa, tisa. Nikampigia Djoya Houston, nikaiweka simu mezani, spika. "Weye haraka," akasema, "jua inaanguka."

"Wako tisa. Unahesabiwa kwa simu?"

"Hapana. Simu si mutu."

Ndipo nikamwona Zoé. Alisimama kizingitini, viatu miguuni, begi begani, mguu mmoja nje. Hakunitazama mimi. Alitazama gilasi.

"Djoya, aliye mlangoni anahesabiwa?"

"Rosette," akasema, "weye sema tu."

Nikasema. Nilishika meza, mafuta yakacheza. Nilisema, "Nimemkosea Mungu wa Israeli, na nimemkosea mama yangu, Bulisa, binti wa Bwana Meta. Nilimwita mlozi mbele ya watu. Hakuwa mlozi. Alikuwa anawasha taa ya nkambo yake. Mimi ndiye niliyeizima. Hakunituma mtu. Alikufa nyumba tatu kutoka kwangu na sikwenda kumzika, na kaburi lake silijui. Hayo nayasema mbele yenu kwa sababu yale mengine niliyasema mbele ya watu."

Hakuna aliyesema amina. Clothilde, ambaye ana amina ya kila kitu, alikaa kwenye kiti taratibu, mkoba mapajani, akatazama mikono yake. Najua na yeye amewahi kuinua mkono mahali fulani. Sikumwuliza.

Kwenye simu Djoya alianza kunong'ona yale maneno. Yaleyale. Nikafunika uso.

Nilipofunua, Zoé alikuwa mezani. Ameingia na viatu, mbele ya wageni, juu ya zulia langu, na sikusema kitu. Alichukua njiti ya kiberiti.

"Utambi umelala, Nkambo," akasema. Akausimamisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

146/84. Kwa mara ya kwanza asubuhi ina baridi kidogo, joto limevunjika.

Zoé amelala kwenye kochi, viatu miguuni bado. Hajaniambia neno jingine, wala sijamwomba. Gilasi iko mezani. Mafuta yamekwisha, moto ulijifia wenyewe, yamebaki maji. Hakuna aliyepuliza.

Nimeiosha. Kisha nikachukua ufagio, nikafagia sebule yote, chini ya meza, chini ya kochi, pembeni mwa zulia, ingawa hakuna kilichovunjika. Mtoto akiamka atavua viatu.